Dole la Mama Chini ya Barua

Mpakani, 12 Machi 1984

Kwa dada Nhai,

Pokea salamu zangu wewe na mama, na za baba mkubwa Thinh mfikishie mapema kabla hajaanza kulalamika kwamba namsahau. Mimi ni mzima. Homa imeniachia, na vidole vya miguu vyote kumi vipo, nimevihesabu asubuhi kama kawaida ya watu wa hapa.

Barua yako ya Januari imefika juzi. Nimefurahi kusikia nguruwe amezaa na mpunga haukuliwa na mafuriko. Lakini nimeigeuza karatasi pande zote nikitafuta dole la mama, sikuliona. Tangu niingie jeshini hakuna barua iliyotoka kwetu bila mama kutafuna tambuu yake, kulilowesha dole gumba kwa ule wekundu na kuligandamiza pale chini, maana kusoma hajui na hataki wewe useme kila kitu kwa niaba yake. Safari hii hakuna kitu. Luan anasema labda mama ameota meno mapya anaogopa kuyachafua. Nimecheka, lakini niambie, kuna nini?

Huyo Luan wako hajambo, anakusalimu mara saba, nimeambiwa niandike saba. Mwandiko wake unaujua, ni kuku amepita kwenye wino, na kusoma kwake ni herufi mojamoja, ndiyo maana namwandikia na kumsomea mimi. Anakutengenezea kitu kwa mikono yake lakini nimeapishwa nisikitaje. Bado anasimulia zile siku kumi nilizomleta nyumbani kabla hatujavuka mpaka, baba mkubwa alivyojifanya mshenga wa mtu asiye na wazazi, mama alivyoila tambuu ya posa na kumwambia, "Haya, sasa una mahali pa kurudi." Idadi ya popoo zilizokuwa kwenye sinia anaikumbuka. Mimi simwiti jina tena. Ni shemeji asubuhi, shemeji jioni, mpaka kikosi kizima kinamwita Shemeji, hata kamanda.

Nilipozidiwa na homa alinibeba mgongoni kilomita tisa, njia nzima anaimba kwa sauti mbaya ili nisipotewe na fahamu. Hilo unaweza kumsomea mama.

Hili linalofuata usimsomee. Quy, yule kijana wa Nam Dinh aliyekuwa akituchekesha, amekanyaga bomu la kutegwa. Nilikuwa hatua nne nyuma yake. Dada, mimi sikulia wala sikukimbia. Niliketi chini nikacheka. Nilicheka mpaka Luan akanipiga kofi. Kicheko kile sijui kilitoka wapi, na naogopa kitarudi siku nyingine mbele ya watu.

Mdogo wako,
Khoat


Dong Vien, 2 Mei 1984

Mdogo wangu Khoat,

Tunakusalimu sote huku nyumbani. Barua yako imechukua wiki saba, tarishi anasema ilipelekwa kwanza wilaya nyingine. Baba mkubwa amepokea salamu na amelalamika vilevile. Watoto wa nguruwe wamebaki sita. Mikeka tumefuma mingi kwa ajili ya ushirika, ndago ya mwaka huu ni ndefu na haikatiki.

Kuhusu mama usiwe na wasiwasi. Kile kifua kilichokuwa kikimsumbua hakimsumbui tena. Tambuu imeadimika tangu majira ya baridi, ndiyo sababu hukuona dole. Chuyen, mtoto wa mtunza ghala wa ushirika, hunisaidia kwenye kitanda cha kufumia mikeka, kwani unajua kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hupitisha ndago, mwingine hugonga ubao.

Kuhusu kicheko, sijui niseme nini. Nimelia. Kikikujia tena, ng'ata kola ya shati.

Mwambie Luan asijichoshe kutengeneza vitu. Apumzike.

Dada yako,
Nhai


Mpakani, 20 Julai 1984

Dada Nhai, mama, baba mkubwa,

Salamu za leo nazipiga kelele! Nimepewa likizo. Siku kumi na tano, Oktoba, na njia ni juu yangu. Katika kikosi tumepata watatu. Luan amekosa, na yeye ndiye aliyeruka juu kuliko mimi.

Mama, sikiliza, Nhai anakusomea. Nataka mchuzi wa kaa wa shambani na mlenda, na zile bilinganya ndogo za kutia chumvi. Hapa tunakula wali mkavu na samaki wa unga. Nimekonda, utanigombeza, na mimi nataka kugombezwa.

Nhai, wewe una makosa. Katika barua nzima umemwandikia Luan mstari mmoja, tena wa kumkataza kazi. Aliniomba nimsomee mara nne. Mara ya nne akasema, "Basi ananihurumia," akaenda zake amefurahi. Mwanamke gani anambania maneno mtu aliye huku? Ukinipa barua ya kurudi nayo Oktoba, iwe ya kurasa mbili au nitaiandika mwenyewe.

Kile kitu chake kimekwisha. Nakuja nacho.

Nitakwambia pia ukweli mwingine, kwa kuwa nina furaha na maneno yanatoka. Nawahofia ninyi kuliko adui. Huku nimejifunza kukanyaga palepale alipokanyaga mwenzangu. Nikifika kwetu, kwenye majani ya kando ya njia, sijui kama miguu itakubali. Mniache niende polepole.

Khoat


Dong Vien, 25 Agosti 1984

Mdogo wangu Khoat,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakuwahi kabla hujaondoka.

Ukishuka kwenye basi usije moja kwa moja kwetu. Pitia kwanza kwa baba mkubwa Thinh, keti, unywe chai, umsikilize. Nakuomba kama dada yako aliyekubeba mgongoni. Mengine siwezi kuyaweka kwenye karatasi, nimejaribu mara tatu na karatasi zote nimezitia jikoni.

Usiahidi kitu kwa niaba yangu kwa mtu yeyote.

Nhai


Mpakani, 9 Novemba 1984

Nhai,

Nakusalimu kwa sababu adabu aliyotufunza mama inataka hivyo. Nimefika salama. Barua yako ya Agosti nimeikuta huku inanisubiri juu ya blanketi langu, imefika siku nne baada ya mimi kuondoka. Kwa hiyo ushauri wako mzuri wa chai ya baba mkubwa haukunifaa.

Unalijua nililokutana nalo, lakini nitaliandika, ili siku moja usije kusema nilijiondokea tu kwa ukorofi.

Niliingia uani nikipiga kelele, "Mama, mlenda umeiva?" Nikaona kitanda cha mikeka. Wewe unagonga ubao, na upande wa mama, kwenye kigoda chake, ameketi mwanamume anapitisha ndago. Una kitambaa cheupe cha matanga begani. Nikaangalia ndani kwenye madhabahu ya wazee wetu waliokufa, mama yuko kwenye fremu, na ubani unawaka mbele yake. Miezi kumi, Nhai! Miezi kumi nimekuwa nikimwandikia mama aliye kaburini, nikimwagiza mchuzi wa kaa, nawe unanijibu kwamba kifua hakimsumbui tena.

Hilo peke yake ningelimeza. Watu huwaficha wanajeshi misiba, nimeyaona hapa. Lakini majirani ndio walionipa lililobaki, kila mmoja kipande chake, kama wanaogawana nyama. Kwamba mama alikata roho alfajiri. Kwamba hamkupiga ngoma ya msiba. Mlimshushia chandarua, mkawaambia watu ana homa, mkaenda kuleta fataki na keki za maharagwe, na kabla ya saa sita wewe umeshaolewa na Chuyen, mkiwahi harusi ije kabla ya matanga. Watu walikula. Ulimimina chai kwa mikono miwili na ua kichwani, na mama yetu yuko nyuma ya pazia anapoa. Saa tisa ndipo mkapiga ngoma.

Najua desturi ni desturi. Msiba ukitangulia, harusi inangoja miaka mitatu. Kina Sau walifanya hivyohivyo, na sisi wenyewe tulikula keki zao. Lakini ile tambuu mama aliyoila ilikuwa ya Luan.

Baba mkubwa aliniambia, "Tulikuficha kwa sababu askari mwenye majonzi haangalii anapokanyaga." Nikamwuliza na Luan je? Akasema huyo si wa ukoo. Mtu aliyenibeba mgongoni kilomita tisa! Asiyekuwepo na lake halipo, nilikuwa nausikia msemo huo, sikujua kwamba utasemwa nyumbani kwetu.

Na yote mengine uliyaona. Siku ya nne walipooa kwa kina Duyen na fataki zikalia, nilijitupa mtaroni nikamvuta na yule bibi kizee aliyekuwa karibu, na kijiji kizima kikacheka. Mumeo pia alicheka. Nami nikaanza, na kicheko kikanikatalia kutoka mwilini mpaka ukaja wewe ukanitia kola ya shati mdomoni. Kwa hilo nakushukuru, kwa jingine lolote sikushukuru. Nilikuwa na siku kumi na tano, nikatumia sita. Zilizobaki nilizimaliza kwenye benchi za stesheni za treni, nikiangalia watu wanaoagwa na mama zao.

Kitu alichonipa Luan sikukupa. Usiniulize ni nini.

Khoat


Dong Vien, 15 Januari 1985

Mdogo wangu,

Salamu. Baba mkubwa anaumwa mgongo. Nguruwe mkubwa tumemchinja kwa kumbukumbu ya mwaka wa mama, na sehemu yako tumeiweka madhabahuni kama kwamba upo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na sasa nakujibu nimekaa, na nitakuambia yangu yote maana wewe umeniambia yako.

Wiki moja kabla hajafa, mama alinishika mkono akasema, "Usinizike ukiwa peke yako." Hakutaja jina la mtu. Alipokata roho nilikuwa na kijiko cha maji ya wali mkononi, bado cha moto. Nilikuwa sijalia hata mara moja, baba mkubwa akaingia akaniambia, "Nhai, una miaka ishirini na sita. Nikipiga ngoma sasa hivi utavaa kitambaa cheupe mpaka ukaribie thelathini. Huyo mwanajeshi wenu yuko wapi? Ameandika nini?" Nami nikatafuta kichwani Luan ameniandikia nini. Unajua nilipata nini? Sikupata kitu. Kila salamu ya Luan ilikuwa kwa mkono wako, kwa mizaha yako. Kwa miaka mitatu nilichumbiwa na wewe kwa niaba yake, Khoat. Sauti yake nilikuwa nimeshaisahau. Chuyen alikuwa amesimama uani amelowa mvua, ameshika kofia, na yeye alikuwepo.

Basi nikavaa ua. Unadhani sikumfikiria mama nyuma ya pazia? Nilikuwa nikimimina chai nahesabu hatua mpaka kitandani kwake. Ni hatua kumi na moja. Mke wa mwenyekiti wa ushirika aliponiambia, "Bibi harusi cheka kidogo," nilicheka. Kwa hiyo hicho kicheko chako nakijua, usidhani kiko vitani tu.

Sijutii kuolewa na Chuyen, ni mtu mwema, na alicheka siku ile kwa sababu hakujua. Amejilaumu wiki nzima. Najutia kukuandikia kwamba tambuu imeadimika. Hilo ni langu, si la baba mkubwa. Nilisema leo, nitasema kesho, na uongo ukawa kama mkeka, ukishaanza safu ya kwanza mkono unaendelea wenyewe.

Sasa nijibu jambo moja tu. Luan umemwambia?

Nhai


Mpakani, 6 Julai 1985

Nhai,

Salamu kwako, kwa baba mkubwa na mgongo wake, na kwa Chuyen.

Barua yako ilifika Machi. Nimekaa nayo. Nimeelewa baadhi, na baadhi bado. Niliota nimekasirika na mama badala yako, nikaamka naona aibu mpaka jua likatoka.

Mvua imeanza. Tumehamishwa mara mbili. Kuna mvulana mpya kikosini, ana miaka kumi na minane, ananifuata akikanyaga nyayo zangu, na mimi ndiye napaswa kujua njia. Kamba za viatu nazifunga mara tatu, zinaniponyoka vidoleni. Daktari wa kikosi anasema ni upungufu wa chumvi.

Luan hajambo.

Khoat


Dong Vien, 30 Septemba 1985

Mdogo wangu,

Sote wazima. Nina mimba ya miezi mitano. Nilitaka ulijue kwa mkono wangu, usije kulisikia kwa majirani.

"Luan hajambo." Maneno mawili. Nilipokuandikia mimi hivyo kuhusu mama uliniita kila jina. Khoat, hukujibu swali langu. Kama hujamwambia, mwambie. Na kama huwezi kumtazama usoni, niletee anwani niandike mwenyewe, nitamwambia asomewe na mtu mwingine. Mtu akiachwa anajua aanzie wapi, lakini anayefichwa hana pa kuanzia.

Nakuomba.

Nhai


Mpakani, 3 Januari 1986

Dada Nhai,

Hakuna nafasi ya salamu ndefu, gari la barua linaondoka. Luan ameachiliwa jeshi. Ameondoka asubuhi hii, yuko njiani anakuja kwetu! Hana kwingine pa kwenda, mama alimwambia ana mahali pa kurudi, na yeye ni mtu wa kuamini anachoambiwa.

Sikumwambia. Hajui chochote. Sasa nakuandikia yote na ukimaliza unaweza kunitemea mate.

Niliporudi kutoka likizo alikuja kunipokea barabarani, ametembea saa mbili. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Amekipenda?" Kile kitu ni kitana, Nhai. Kitana cha kuchania nywele, amekichonga kwa ganda la aluminiamu la kombora la kumulika, miezi mitano, kwa msumari na kipande cha kioo. Kina ndege wawili, na majina yenu chini ya mabawa. Nilikuwa nacho mfukoni, kinanichoma pajani. Kesho yake tulipangwa kutangulia kusafisha njia, yeye mbele, mimi nyuma yake. Nikamwangalia nikawaza, nikimwambia sasa, kesho haangalii anapokanyaga.

Usiniambie. Najua nani alisema maneno hayo kabla yangu.

Nikamwambia umekipenda mno. Nikamwambia ulilia, na kwamba unajichania nacho kila asubuhi kabla ya kuketi kwenye mikeka. Akafunika uso kwa kofia. Halafu akauliza habari za mama, nikasema, "Mama anakusalimu, anasema unachelewa." Nilidhani nitakuwa nimemwambia ndani ya wiki moja. Kila wiki kulikuwa na njia mpya ya kusafisha. Barua zako nilimsomea, lakini nilizokuwa nasoma hazikuwa zako. Nilikuwa naangalia karatasi yako isemayo una mimba, mdomo unasema mama ameanza kukufundisha kupika kaa wa harusi. Nilikuwa mzuri katika hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya jeshini.

Kitu kimoja alikitambua. Aliniuliza mwaka jana, "Mbona siku hizi huniiti shemeji?" Nikasema tumezeeka.

Leo asubuhi nilikuwa nimeazimia. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alikuwa amevaa shati jipya. Akaninong'oneza, "Nisipofika kabla ya mwaka mpya wa Tet nitakimbia kwa miguu." Nikafungua mdomo na kile kicheko kikaja. Akadhani nimefurahi kwa ajili yake, akanikumbatia, lori likaondoka.

Kitana nakutumia ndani ya kifurushi hiki. Kama barua itamtangulia, kishike mkononi akiingia, angalau hilo moja liwe kweli. Halafu mwambie mengine kwa upole. Na kama haitamtangulia, sijui.

Khoat


Dong Vien, 22 Februari 1986

Mdogo wangu Khoat,

Salamu za mwaka mpya. Nimejifungua mtoto wa kike tarehe kumi na tano, sote wawili wazima. Baba mkubwa amempa jina la Lua, nami nimekubali. Chuyen ndiye amenishikia ubao niandikie, maana bado sijaruhusiwa kutoka kitandani.

Barua yako na kifurushi vimefika jana. Luan alifika wiki tatu kabla yake, siku ile ya kuwaaga miungu wa jikoni, wiki moja kabla ya Tet.

Nilikuwa uani naosha mchele. Aliingia ameinama kupita langoni ingawa lango letu si fupi, na sikumjua mpaka alipovua kofia. Alikuwa na mfuko wa kitambaa mkononi. Akasema, "Mama yuko wapi? Nimemletea popoo kumi za kule, laini, hazitamwumiza fizi." Nilikuwa na tumbo la miezi tisa mbele yangu, Khoat, na hakuliona. Alikuwa akiniangalia nywele. Akatabasamu, akauliza, "Leo umejichania nacho?"

Nikamwuliza, "Nini?"

"Kitana."

Nikasema, "Kitana gani?"

Laiti barua yako ingetangulia hata kwa siku moja ningejua la kusema. Sasa alikuwa amesimama pale, mdomo wazi, nami mikono inatiririka maji ya mchele. Ndipo macho yake yakashuka mpaka tumboni. Yakaenda kwenye kitanda cha mikeka, Chuyen amesimama na kijiti cha ndago. Yakaingia ndani mpaka madhabahuni. Hakuna aliyemwambia kitu. Alisoma mwenyewe, polepole, kama anavyosoma kila kitu.

Akauliza, "Lini?" Nikamwambia mama ni Desemba ya themanini na tatu, na mimi ni siku hiyohiyo. Akauliza, "Khoat anajua?" Nikasema anajua. "Tangu lini?" Ningeweza kudanganya, lakini nyumba hii imechoka. Nikamwambia tangu alipokuja likizo. Akahesabu miezi kwa vidole. Alipofika kumi na nne akarudia tena kuhesabu toka mwanzo, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Aliomba kitambaa cheupe. Nikampa changu, akajifunga kichwani, akawasha ubani, akapiga magoti mbele ya mama akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja ukutani. Mwana akilia matanga miaka miwili baada ya watu kumaliza kulia. Baba mkubwa alikuja pia. Alisimama mlangoni. Mwishowe alimshika Luan begani. Luan akauondoa mkono wake bila ugomvi, kama unavyoondoa jani.

Nilimpikia. Alikula mlenda bakuli moja kwa sababu nilimsihi. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia. Alisema hivi, na nayaandika kama yalivyo, "Wewe nakuelewa, Nhai. Mama alikuwa amelala humo ndani, na mimi nilikuwa salamu tu. Lakini yeye tulikuwa tunakula bakuli moja. Kila wiki nilikuwa nakaa mbele yake kama mtoto anisomee, na yeye anaangalia karatasi anatunga."

Nikamwambia uliogopa asije akakanyaga vibaya. Nilikutetea, nataka ujue hilo. Akasema, "Basi angeniambia jioni tuliporudi salama. Jioni zilikuwa nyingi."

Chuyen alimsihi abaki mpaka Tet ipite, kitanda cha mgeni kipo. Alikataa. Aliondoka kabla ya jua kuzama, na kitambaa chetu kichwani. Hakusema anakwenda wapi, wala hakuacha anwani. Nilimfuata mpaka darajani na tumbo langu. Alikuwa anatembea katikati ya njia, akikanyaga pale tu palipokwisha kukanyagwa.

Kitana kimefika, ni kizuri kuliko ulivyosema. Sitakitumia. Nimekiweka madhabahuni, kando ya picha ya mama, na hapo ndipo utakapokikuta. Ukiachiliwa jeshi utakichukua na utamtafuta mwenyewe, hata ikiwa kazi ya miaka kumi. Mimi kwa kosa langu nilikupotezea siku tisa za likizo, na nitakuomba radhi kila ukirudi. Hili la Luan ni lako, siwezi kulibeba nikiwa na mtoto.

Zile popoo kumi aliziacha. Tisa nimempa mama. Moja nimeipasua leo, nikaikunja kwenye jani na chokaa nikaitafuna, mara yangu ya kwanza, imenichoma ulimi. Dole jekundu unaloliona hapa chini si la mama. Ni langu. Nakuambia mapema.

Dada yako,
Nhai